Alama Juu ya Herufi ya Saba

Juu ya mlango wa ofisi ya mji wetu
kuna maneno matatu yaliyochongwa jiweni.
La kwanza ni uhuru.
Kwa lugha yetu ya Kifaransa lina herufi saba,
na ya mwisho huvaa alama kichwani,
mkato tu, kama ukucha uliokatwa.
Baridi ya Februari iliing'oa.
Niliizoa ngazini pamoja na theluji.

Meya akaita mafundi,
maana Julai inakuja na bendera zake,
na haifai, alisema, taifa kusomeka vibaya.

Aliyepanda jukwaani karatasi ya kazi ilimwita kwa jina la binamuye.
Jina lake mwenyewe nalijua mimi, karani wa vizazi na vifo.
Siku ya tatu alishuka, akanawa mikono bombani,
akaja kaunta kwangu kuandikisha binti,
na kwa mtoto hakuweza kudanganya:
Mody Tandjigora.
Alilitamka polepole, kama anayehesabu fedha za mwisho.

Wiki mbili nilimtazama dirishani.
Tindo. Anapuliza vumbi. Gundi, kisha dhahabu,
nyembamba hata pumzi huichana.
Saa nne hushuka kula mkate juu ya ndoo,
barabara ameipa kisogo.
Nikamwuliza, unajua maana ya neno hilo?
Akacheka. "Madamu Odile, najua bei yake kwa sentimita.
Hii R imenichosha. Ina tumbo, ina mguu."

Babu yangu naye alikuwa mwashi.
Alitoka hapa kwa miguu hadi Parisi, mwiko mgongoni,
wakalala kumi na mmoja chumba kimoja.
Walimwita mshamba, wakamlipa,
hakuna aliyemdai karatasi.
Najua, si mfano sawa.
Lakini ndio nilio nao.

Jumatatu ikaja barua kutoka mkoani:
mtu mwenye jina hili, je, anaishi kwenu?
Visanduku viwili, ndiyo na hapana.
Ningeweza kuiacha chini ya kikombe.
Ningeweza kuugua.
Nina miaka thelathini na mmoja kazini,
sijawahi kuchelewesha jibu.
Nikatia tiki, nikagonga muhuri.
Sikusikia uchungu wowote, na hilo ndilo ninalotaka mlijue.
Muhuri ulitoa sauti ileile ya siku zote.

Alhamisi, kabla ya saa mbili, walimngoja chini ya ngazi.
Hawakumpiga. Walimsubiri afunike kopo la gundi.
Walimwita bwana.
Alipopita hakunitazama,
au alinitazama nikiwa nimeinama. Sijui.

Julai ikaja: tarumbeta, divai, watoto na taa za karatasi.
Meya akalinyoshea neno mkono,
watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga.
Herufi saba zinameta.
Alama haipo.
Fundi mwingine ataka pesa nyingi kwa kazi ndogo,
na meya asema, toka chini hakuna anayeona.

Ni kweli.
Dawati langu liko ghorofani.

Na kuna jambo jingine.
Kitabuni, ukurasa wa Sira Tandjigora,
mzaliwa wa hapa, saa tisa na dakika kumi usiku,
pale babake alipotia sahihi
kidole kimeacha chembe ya dhahabu.
Kanuni hairuhusu doa.
Nimeikwaruza kwa ukucha.
Haitoki.