Safu ya Saba

Jumanne, saa tatu, Barabara ya Lunga Lunga,
chai ya maziwa inaota ngozi mezani
na sisi watano tunachagua lugha.

Si Kikamba, si ile tunayotaniana langoni:
lugha ya kuiambia mashine
nani kachukua mifuko mingapi ya saruji kwa mkopo,
nani kalipa,
nani anasema kesho.

Mashine yenyewe iko chini ya ngazi,
nyeusi, kimo cha mtoto wa chekechea.
Stima zikipotea huguna tu,
hushika betri, huendelea na hesabu.
Hakuna anayekumbuka ilizimwa lini.

Kiragu amekuja na slaidi.
"RPG," anasema, "ni lugha ya marehemu."
Anataka Java: vijana wake wamejaa Ngong Road,
ukipiga mluzi wanakuja kumi.
Mwenye kampuni analipenda neno kumi.
Anauliza bei. Penzi linapungua.

Mutheu wa uhasibu hajafungua kinywa.
Anafungua karatasi.
Hesabu ya Machi, mifumo miwili, ya kale na ya majaribio:
mpya imepungukiwa senti kumi.

Tunacheka. Senti kumi! Nani aliiona mara ya mwisho?
Hata Muthurwa ukiidondosha haiokotwi.
Mutheu hacheki.
"Imeenda wapi?"

Java haina kosa, nilisema;
kosa ni la aliyehesabu pesa kwa namba za kuelea,
kama apimaye dhahabu kwa kamba.
Lakini swali lilishakaa kitini,
likala nasi chapati za mchana.

Jioni nikashuka kwenye msimbo wa kale.
Humo kila herufi ina kiti chake:
safu ya sita husema mstari huu ni wa kazi gani;
safu ya saba, ukiweka nyota,
mashine hufumba macho
akabaki binadamu kusoma.
Na Kageha, aliyeandika haya mwaka wa themanini na tisa,
alipanda nyota nyingi.

* MDAIWA 0417 ASITOZWE RIBA. ALIUNGULIWA NA DUKA, GIKOMBA.
* USIGUSE HAPA. NILIGUSA MIMI, TUKALALA OFISINI SIKU MBILI.

Nikatazama: 0417 bado hununua misumari kila Ijumaa.
Riba, sufuri.
Miaka yote hiyo, na hakuna bosi aliyejua.

Nikampigia simu huko Vihiga.
"Andikeni kwa lugha mnayotaka," akasema,
kuku wakigombana nyuma yake,
"hata Kimaragoli. Ila nyota mzihamishe zote.
Na mafao yangu ya Mei,
hiyo mashine imeyatoa au bado?"

Bado. Nikaahidi kuuliza.

Usiku, ghala kimya, nikafungua faili jipya
katika lugha isiyojua safu.
Nikahesabu nafasi sita, ya saba nikaweka nyota.
Mashine ikakataa, ikadai mikwaju miwili mbele.
Nikaiwekea.
Nyota nikaiacha.