Nguzo ya Kumi na Moja

Wahenga walinena: mvuliwa nguo huchutama.
Sawa. Lakini hawakusema lolote
juu ya anayejivua mwenyewe,
akalikunja gauni lake mara nne,
akaliwekea jiwe lisipeperuke,
akasimama wima.

Huyo ni Traudel Piepkorn, karani wa posta,
ufukweni mwa Baltiki, kiangazi cha hamsini na nne,
umri ishirini na miwili, magoti mekundu kwa baridi.
Maji ya huko hayabembelezi mtu.
Unayaingia kama unayelipa deni:
upesi, meno yakigongana.

Baba yake alikuwa amemhadithia ya zamani,
mafundi saa na wapiga chapa wa Berlin
waliokwenda ziwani Jumapili
kunyoosha viungo bila uzi mwilini,
wakiamini jua litawaponya kifua,
na labda umaskini pia.
Kisha wakaja watu wa sare.
Wakapiga marufuku, halafu wakalegeza,
mradi mwili uwe wa kupelekwa vitani.
Wa Baba ulipelekwa.
Ukarudi na mguu mmoja.

Halafu sare nyingine, rangi nyingine.
Tangazo likabandikwa mlangoni pa duka la mikate:
kuoga uchi ni aibu kwa taifa la wafanyakazi.
Konstebo Lüdeke akashuka na buti zake,
mchanga ukimwingia, jasho likimtoka kwenye sufi,
daftari mkononi.
“Jina?”
“Piepkorn.”
“Kitambulisho?”
Traudel akajitazama juu hadi chini,
akamtazama yeye.
Nyuma yao mtu akapiga chafya,
na baada ya chafya, kicheko,
pwani nzima.

Wakaandika barua. Walimu, madaktari,
mjane mmoja mwenye mwandiko wa kutambaa kama kaa.
Zilipita dirishani pa posta,
na Traudel mwenyewe akazigonga mhuri,
moja moja, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.
Mwaka wa pili ruhusa ikaja
kwa mhuri kama ule ule.

Basi miaka ikaenda. Foleni ya soseji
mkurugenzi akisimama nyuma ya mfagizi,
na hujui yupi ni yupi
mpaka mmoja aanze kuamuru.
Hata mpelelezi (na mpelelezi hakukosekana)
hakuwa na mfuko wa kufichia kalamu.

“Msiuite uhuru,” Traudel huwaambia wageni.
Usiku taa za doria zilipangusa mawimbi;
ng'ambo kulikuwa Denmark, na hatukwenda.
Tulivua tulichoweza kuvua.

Ukuta ulipoanguka walikuja wa magharibi
na magari mazuri, na nguo za kuogelea za rangi ya ndimu.
Wakanunua hoteli, wakaona haya
kwa niaba yetu.
Mkutano baada ya mkutano, ufukwe ukapimwa kwa kamba:
zamani ulikuwa wetu toka nguzo ya tatu hadi macho yanapochoka,
leo ni kati ya ya kumi na ya kumi na moja.
Mbwa wamepewa zaidi. Nimehesabu hatua.

Sasa ana themanini na minne.
Mjukuu wake Jördis, mwanasheria, kaja toka Leipzig
na hataki kuvua.
“Si wewe, Bibi. Ni simu.”
Anaonyesha kwa kidevu: kule matutani
kijana ameinua kitu kinachometameta,
labda anapiga picha shakwe.
Labda.
Traudel anafikiri sana juu ya hilo.
Lüdeke, anasema mwishowe, angalau alikuja na uso.

Kisha analikunja gauni mara nne.
Kovu la upasuaji, mishipa ya miguu kama ramani ya mito,
matako yaliyochoka na hayadai radhi.
Anaweka jiwe.
“Ndilo lile?” Jördis anauliza, sauti imemlainika.
“Wazimu huo! Mawe ni mengi.”
Anaingia majini kama anayelipa deni,
na kutoka huko tunamsikia akitukana baridi
kwa sauti ya karani
anayefungua dirisha saa mbili kamili.