Mizani ya Jengo la Nne

Alhamisi, saa moja jioni, nafungua geti la taka.
Mimi ndiye mlinzi, Gu Pan-seok, glavu mbili, tochi moja,
na hapa Daegu, jengo la nne, kila kitu kina kwao:
chupa kwa chupa wenzake, lebo imebanduliwa,
boksi limevuliwa utepe na kulazwa chali,
kopo limesuuzwa hata nzi akipita hageuki.
Watoto wa ghorofa ya pili hukanyaga plastiki kwa kisigino,
paa! paa! Mama yao huwakemea, kisha naye hukanyaga.

Lakini mabaki ya chakula yana pipa lao,
na pipa lina mizani.
Unagusa kadi, kifuniko kinainuka, unamwaga,
na sauti ya kike isiyojua mafua wala usingizi inatangaza:
gramu mia nne. Gramu mia saba na ishirini.
Mwisho wa mwezi unalipia ulichoshindwa kula.
Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kina bili.

Namba 704, Bi Tak Mal-sun.
Miaka sita nilizijua gramu zake kama ninavyojua kikohozi cha lifti:
mia tatu, mia tatu na hamsini, maganda ya figili, majani ya chai.
Aliyeshuka nazo ni mumewe, mzee Bang,
kandambili, bakuli lenye mfuniko, na mzaha uleule:
"Leo mke wangu kanipunguza uzito."

Alifariki Machi, miti ya plamu imechanua kwenye maegesho.
Aprili mashine ikaanza kusema kilo.
Kilo moja na gramu mia mbili.
Kilo moja na nusu.
Mwenyekiti wa kamati, Bi Pyo, akabandika chati ndani ya lifti,
nguzo nyekundu kwa kila ghorofa,
na ya saba ikawapita wenzake kimo kama kijana aliyebalehe.
Watu wakanong'ona: mjane mmoja anakula nini hata atupe hivi?

Mimi nilikuwa nimeona. Pipa halina siri kwa anayelisafisha.
Wali mweupe, haujaguswa, bado una umbo la bakuli.
Samaki mzima na macho yake.
Siku moja supu ya mwani, ile ya siku ya kuzaliwa.
Alipika kwa wawili, akaandaa kwa wawili,
akangoja,
akashuka nayo.
Mazoea yana taabu. Mkono uliopima mchele miaka arobaini na mitatu
hausikii la chati.
Sikumwambia Bi Pyo. Ningesemaje? Kwamba ile kilo ni mtu?

Jioni moja ya mvua alisimama mbele ya mashine,
kadi mkononi, haigusishi.
"Mlinzi, umekula?"
Nilikuwa nimekula. Nikasema bado.
Nikalia ndani ya kibanda changu, magoti yakigusa hita,
yeye mlangoni, akikitazama kijiko
kama mtu anayetazama maji yakichemka.
Chumvi ilizidi. Nadhani mzee Bang alipenda chumvi.
Nikarudisha bakuli jeupe pe.

Siku hizi huniletea Jumanne na Ijumaa.
Bi Pyo naye alipanda kumsomesha juu ya taka,
akakaa hadi saa nne usiku,
akashuka na mtungi wa kabichi ya pilipili, hana la kusema.
Nguzo ya saba imefupika. Kamati imeandika chini yake: Hongereni.

Jana kaja na miwani.
"Hii inakwenda pipa lipi?"
Nikaigeuzageuza. Fremu ni plastiki, bawaba ni chuma,
na kioo chake, kwa mujibu wa kanuni, si kioo.
Kanuni nimezikariri, kurasa kumi na nne.
Nikamwambia kweli: sijui.
Akaichukua, akaipangusa kwa ncha ya sweta, pande zote mbili,
akairudisha mfukoni.
Kisha akagusa kadi.
Gramu mia moja na tisini, ikasema sauti.