Kamba ya Ada

Mama hawapi mbuzi majina ya urembo.
Huwaita kwa sababu zao.
Stakabadhi alinunuliwa kwa malipo ya pili ya korosho,
mwaka ule malipo ya pili yalipokuja kweli.
Salfa tulimpata kwa mfuko na nusu wa dawa ya mikorosho.
Pole aliletwa na wajomba wa Kitangari tulipomzika baba,
achinjwe. Mama akasema wiki hii imetosha,
mfungeni pale.
Na Ada.
Ada alizaliwa Hilali yuko darasa la sita;
hajakauka manyoya, mama akamshika sikio:
wewe ni kidato cha kwanza.

Kazi yangu huanza ukungu ukiwa bado umekaa barabarani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nafagia chini ya banda. Samadi hudondoka usiku kucha
kwenye mianya ya mbao, punje kwa punje.
Hilali alipokuwa mdogo alidhani mvua,
akatoa ndoo nje.
Huku Newala mtoto akisikia mvua hutoa ndoo kwanza,
ndipo aamke.

Maji ndiyo hesabu yetu kubwa.
Ndoo moja: nyuso, kisha mboga, kisha mbuzi.
Stakabadhi huinusa, hunitazama
kama karani wa mizani anayetilia shaka gunia,
hanywi mpaka nitoe jani la kisamvu linaloelea.
Mchana majani ya mbaazi, maganda ya muhogo yaliyokauka sawasawa;
mabichi yaliwaua wawili wa Dafina, jirani.
Jumamosi kwato: mama anabana, mimi nakata,
Salfa analia kama anayechunwa,
ukimwachia anarudi kuuliza kama kuna pumba.

Msimu wa mabibo walikula yaliyochacha.
Pole akayumba hadi kwa mwalimu mkuu,
akaipiga kichwa baiskeli.
Mama alilipa spoku tatu, akicheka.
Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba.

Januari ikaja na karatasi ya shule.
Ada imefutwa, wanasema,
lakini godoro halikufutwa, wala sanduku, sare mbili,
jembe lenye mpini, rimu ya karatasi.
Jina tulishampa, hatukumbadilisha.

Siku ya mnada hakugoma.
Tulitamani agome kidogo.
Alifuata pumba kiganjani mwa Hilali kilomita zote tisa,
akala, akalamba na chumvi ya jasho.
Mnunuzi akamfungua mdomo, akahesabu meno,
akataja bei. Mama akatazama upande mwingine
kama aliyesikia anaitwa.
Akataja nyingine.
Laki na ishirini.
Ndipo mama akaifungua kamba shingoni:
"Umenunua mbuzi. Kamba haiuzwi."
Yule bwana akamfunga kwa mpira wa baiskeli, akaondoka naye.
Hilali alibaki amekunja kiganja
na pumba zilizosalia.

Jumapili kamba ya Ada ilifunga godoro.
Fundo alilipiga mama mwenyewe, akalivuta kwa goti.
Mimi nilipofaulu, mwaka wangu,
bandani hapakuwa na mbuzi.
Hilo halisemwi nyumbani. Wala silidai,
nalisema hapa kwa kuwa hapa hakuna anayekaanga kitunguu
akajifanya moshi umemwingia machoni.

Stakabadhi amezaa juzi usiku.
Jike, jeusi, soksi moja nyeupe.
Nilimfuta pua kwa kanga yangu, nikangoja
mama amshike sikio.
Hakumshika. Alisuuza mikono kwa maji ya kikombe kimoja,
akasema, huyu mpe jina wewe,
akaenda kulala.

Siku ya tatu sasa namwita "wewe".
Luchingu, kwa fundi Ausi, kuna cherehani ya miguu
imefunikwa shuka, haijapata mtu.
Sijamwambia yeyote.
Ila leo asubuhi, nikifagia, ukungu umetuziba,
nililitamka mara moja, polepole,
na huyu mdogo, mwenye siku tatu tu duniani,
akageuka.