Mvua ya Upande B

Kila Desemba, kabla sijanunua mchele,
nashusha kopo la biskuti kutoka juu ya kabati,
nalifuta vumbi la Kongwa, jekundu, lisilokubali kwisha,
nahesabu kanda za marehemu baba: nne,
na ganda moja tupu lenye mwandiko wake:
ASIYERUDISHA ASINIJUE.

Redio ni ileile ya betri sita.
Kalamu ya Biki bado imefungwa kwa uzi kwenye mkono wake,
maana kanda hizi hulegea kama soksi
na Noeli haiimbiki kabla hujaizungusha.

Ya kwanza ni ya Wazungu,
aliiacha nesi wa misheni siku anafunga mizigo.
Kengele, vinanda, watoto wenye sauti za bilauri
wanaimba theluji.
Kaka yangu Chiduo aliniapia kwamba theluji ni chumvi,
kwamba kwao inamwagika bure hadi mlangoni,
nami nikawaonea kijicho mwaka mzima,
sisi tuliopimiwa chumvi kwa kijiko.
Hata leo ikilia hiyo, ulimi wangu unakolea.

Ya pili ni ya jikoni.
Vijana wa Mlali, magitaa matatu na ngoma moja yenye haraka,
inafika Bethlehemu wakati wenzake
hawajatoka Nazareti.
Kanda ya vitunguu hiyo, ya mafuta kuruka,
ya shati jipya linalowasha shingoni,
ya shangazi kukuita majina yako yote matatu.
Huwezi kuisikiliza umekaa. Nimejaribu.

Ya tatu siipigi mchana.
Wazee sita na zeze, kwa Kigogo,
wanamwimbia Mtoto kama wanampa pole
kwa kuja duniani mwezi wa njaa,
ghala limefagiliwa,
uwele ndio kwanza uko ardhini.
Ikianza, baba alikuwa anazima taa.
Hakulia. Alikohoa tu,
kikohozi kisichotoka kifuani.

Ya nne ndiyo niliyotaka kuisema.
Aliirekodi mwenyewe, Krismasi ya themanini na sita,
redio juu ya benchi la kanisa, kidole kwenye kitufe chekundu.
Upande A: kwaya, mtoto wa watu analia, mahubiri yanakatika.
Upande B: ubeti mmoja,
halafu mvua.

Mvua juu ya bati, dakika ishirini na tano.
Imemeza soprano, imemeza besi, imemmeza mchungaji,
na katikati yake, karibu kabisa, mama:
"Jamani, kuni ziko nje!"
na kicheko.
Hakuna sauti yake nyingine iliyobaki popote.
Maneno manne. Nimeyahesabu zaidi ya kanda.

Mwaka huu mawingu yamepita juu yetu
kama wageni wa nyumba ya jirani.
Jioni ya mkesha nikafungua madirisha kwa ajili ya joto,
nikaweka upande B, nikazungusha sauti hadi mwisho.

Nikasikia ndoo.

Mama Ndahani, wa ng'ambo ya ua, ametoka mbio,
ndoo tatu na sufuria la pilau chini ya ukingo wa bati,
kiganja juu, uso juu,
na nyota zimejaa tele, hata moja haijakosekana.

Nilijiandaa kutukanwa.
Akaniangalia dirishani, akasema,
"Irudishe mwanzo."

Akaingia, akakalia gunia la mkaa, kanga magotini.
Tukasikiliza mvua ya miaka ile
mpaka betri zikaanza kuchoka
na matone yakawa mazito, ya polepole,
na mama akasema, kwa sauti ya kiume isiyo yake,
jaaamani,
kuuuni ziko nje.

Mama Ndahani akainuka, akajifunga kanga.
"Zako ziko wapi?"
Tukatoka kuziingiza.