Hodi kwa Meneja Nisiyemjua

Barua pepe yangu ya kwanza ilikuwa na aya saba.
Niliiandika Hombolo, usiku, simu ikiwa asilimia tisa.
Nikaanza na afya yake, nikapitia afya ya familia yake,
nikaeleza kikundi chetu kilisajiliwa lini,
katibu ni nani, maono, dhamira,
na picha ya mgeni rasmi akikata utepe.
Nikaituma kwa hoteli thelathini na moja kwa mpigo mmoja.
Wote niliwaita Ndugu Mheshimiwa,
hata yule wa Area D ambaye ni mama.

Kimya.
Kimya cha kisima cha Septemba.

Zabibu hazisubiri. Zikaanza kulegea kwenye kreti,
nyuki wakajibu kabla ya mameneja.

Mama mkwe wangu, Mbeleje, hana barua pepe.
Ana meza Soko la Majengo tangu sijaolewa.
Nikamsomea huku akichambua vichala;
aya ya tatu akapiga mwayo.
"Mbona unamhadithia ukoo mtu mwenye njaa?
Mpe punje moja. Akitema, aende zake.
Akimeza, atauliza mwenyewe."

Nikafuta. Kufuta kuliniuma kuliko kuandika.

Jumanne nikaenda mjini, nikaagiza chai
kwenye hoteli ambayo chai yake ni nauli yangu mara mbili,
nikakaa nikiitazama sahani ya matunda:
zabibu zimekunjamana, ngozi ngumu,
zimelala kwenye barafu tangu nchi ya watu.
Mhudumu nikamuuliza jina la bosi wake.

Usiku ule:

*Bi. Tulinagwe, mbukwa.
Leo nilikunywa chai kwako. Zabibu za mezani zimechoka safari.
Zangu huchumwa alfajiri, kilomita arobaini na tano tu kutoka jikoni kwako.
Nilete kreti moja Jumatano ijayo, bure, mpishi aonje?
Nyemo, Hombolo.*

Basi. Nilijihisi nimetoka nje bila kitenge.

Ijumaa nikagonga tena, mstari mmoja;
hodi ni tatu, ya nne ni uvamizi.

Jumatatu niko shambani, mkasi mkononi,
simu ikatikisika kiunoni:
"Njoo. Na kreti nne kwa wiki, shilingi ngapi?"

Nikacheka mpaka Mbeleje akageuka.
Aya saba zile, na utepe wake,
bei haikuwamo.