Wateja Watatu wa Lamzira

Mwezi wa sita, plamu zingali kijani na chachu
za kumkunja uso hata sanamu,
Lamzira wa ghorofa ya saba aligonga mlango wetu,
simu kaishika kwa ncha za vidole
kama aliyeokota panya.
"Nifungulie duka humu ndani," akasema.
Kutaisi nzima ilijua kiwanda cha mashati kimefungwa.

Tukaanzia jikoni. Shuka nyeupe juu ya friji,
chupa tatu za tkemali dirishani.
Nikamwambia sogea, mwanga, mwanga,
akasogea, akarudi, akapangusa kifuniko kwa aproni,
na picha ya kwanza ikatoka na kiwiko chake.
Nilitaka kukikata. Akakataa:
"Wauone mkono. Sosi haijipiki."

Maelezo aliandika mwenyewe:
Plamu, kitunguu saumu, giligilani, nanaa, chumvi.
Lari nane. Msiniulize siri, hakuna siri.

Nikamfundisha alama ya reli,
saa ambazo watu hulala na simu usoni,
na jinsi ya kulipia tangazo lisukumwe mbele:
lari tano kwa siku.
"Lari tano nimpe nani?"
Nikashindwa kumtaja.
"Basi huyo asiye na jina aje aonje kwanza."

Wiki ya kwanza, mioyo kumi na mmoja.
Mmoja wangu, mmoja wa mama,
minne ya mashemeji wa Zestaponi
ambao sosi hupewa bure.
Moyo haulipi umeme, alisema.
Usiku nilimsikia kupitia ukutani
akiisoma simu kwa sauti, polepole,
kama mwalimu anayeita majina
ya darasa ambalo halijafika.

Kisha Jumanne: Zurab, wa Rustavi, chupa sita.
Alhamisi: Malkhaz, Rustavi vile vile, nne.
Halafu mwanamke, Dodo, chupa kumi,
"na asante kwa mikono yako."
Lamzira akabeba masanduku hadi kwenye lifti,
akailisha sarafu bila kuitazama,
lifti ile ile aliyoikwepa mwaka mzima
kwa kuzionea uchungu tetri kumi.

Mwezi wa nane akaniita. Hakusema kitu.
Aliweka simu mezani, na kando yake
daftari la Gocha la darasa la pili,
jalada limeliwa na unyevu.
Gocha, mwanawe, yuko Wrocław,
anapakia friji ghalani, zamu ya usiku.
Kidole cha mama kikatua kwenye neno "asante":
herufi moja imerukwa.
Zurab kairuka. Malkhaz kairuka.
Dodo kairuka mara mbili.
Na daftarini, kalamu nyekundu ya Lamzira
inairudisha, ukurasa kwa ukurasa,
miaka ishirini na sita iliyopita.

Nilingoja alie.
Akanyamaza mpaka birika likachemka.
Rustavi anakaa rafiki wa Gocha;
chupa ishirini ziko chini ya kitanda cha watu.
"Pesa yake nilikataa," alisema.
"Nikamwambia jenga kwako, mimi sijafa njaa.
Sasa kaja kwa mlango wa dukani."

Akavaa miwani, akamjibu Dodo mbele yangu:
Mpendwa mteja, bei imepanda, lari tisa.
Na ule. Usiweke tu.
Kisha kwenye sanduku, katikati ya chupa,
akasokomeza soksi za sufu
— zawadi kwa mteja wa kudumu —
namba arobaini na nne,
mguu mkubwa mno kwa mwanamke yeyote ninayemjua.

Mteja wa nne alikuja Septemba,
mgeni kabisa, kutoka Telavi, chupa mbili.
Alisema ni kile kiwiko kilichomvuta.
Akalipa siku hiyo hiyo,
akaandika "asante" bila kosa.
Lamzira alilisoma neno lile mara tatu,
akilitafuta pengo.